Mchwa Waliosoma

Karani wa masijala ya halmashauri alikuwa mtu wa kujisifu mpaka majalada yakaona haya. Miaka thelathini na moja amekaa katika chumba kisicho na dirisha, rafu zimejaa mafaili hadi darini, na ukimuuliza lolote atakujibu, "Hakuna karatasi humu nisiyoijua." Kuijua kwake ni kujua rangi ya jalada na rafu lilipo. Kulifungua akalisoma, thubutu! Bawabu, alisema, halalii vitanda vya wageni.

Ilipotangazwa kwamba kamati inakuja kupitia upya sera ya mishahara na marupurupu, akaanza kupiga hesabu. Kila mwezi alilipwa posho ya baiskeli, ya kupelekea barua. Baiskeli yenyewe iligeuka chuma chakavu tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno, na mwana huyo sasa ana kipara. Barua nazo zilivuka korido tu. Lakini posho hiyo ndiyo iliyonunua dawa za presha za mkewe, na presha haina utani.

Basi akatumia akili, hiyo hiyo aliyopewa. Waraka wa posho zote za watumishi, ndani ya jalada la kijani lililofubaa, akauchomeka chini ya shati, akaenda nao nyumbani, akaulaza chini ya godoro.

Kamati ikafika: watu watano, chupa za maji kumi, na posho ya kikao kwa kila mmoja, malipo ya kukaa kitako kujadili posho za wenzao. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba, akamwita.

"Mzee wangu, tuletee ule waraka."

"Umeliwa, mama. Mchwa."

"Wote?"

"Hata muhuri hawakusaza."

Mjumbe mmoja mwembamba akacheka puani. "Wameruka mafaili yote wakaenda moja kwa moja kwenye posho? Mchwa hao wamesoma!"

"Andika maelezo, mzee," mama akasema.

Karani akaandika, akatia sahihi, akagonga muhuri, na kwa mbwembwe zake akayaingiza katika daftari la masijala. Kwa kuwa hapakuwa na waraka wa kupitia, kamati ikaamua kila mtu aendelee na alichokuwa akipata.

Jioni akaingia nyumbani kifua mbele. "Mke wangu, leo kamati nzima nimeiangusha chali!"

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, miwani puani, jalada la kijani mapajani. Alilikuta alipokuwa akigeuza godoro.

"Baba watoto, wewe posho ya vumbi unaipata?"

"Posho ya nini?"

"Ukurasa wa tisa. Mtumishi wa masijala atalipwa posho ya vumbi kila mwezi. Ni mara tatu ya hiyo baiskeli yako."

Akampokonya, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, mara mbili. Vumbi! Miaka thelathini na moja amelimeza bure.

"Kesho nalirudisha."

"Utawaambiaje? Mchwa wamelitapika?"

Asubuhi akasimama mbele ya kamati, jalada likimkwaruza tumbo chini ya shati. Kabla hajafungua kinywa, yule mwembamba akainua karatasi.

"Mzee, sahihi hii ni yako, sivyo?"

"Ni yangu."

"Nilitaka uhakika tu. Mtumishi akidanganya kwa maandishi, kiinua mgongo chake atakisikia redioni."

Karani akaaga. Jalada likarudi nyumbani lilikotoka.

Mapitio ya sera yakaisha na badiliko moja tu: pampu ya dawa ya mchwa, na mpulizaji ni karani wa masijala, kila Ijumaa, bila malipo ya ziada. Posho ya baiskeli inaingia, dawa za mkewe zinanunuliwa. Naye anapuliza, hasa ile rafu lilipokuwa jalada la kijani, vumbi linatimka, anapiga chafya mpaka machozi yanamtoka. Mjumbe mwembamba hupita pale mlangoni na chupa yake ya maji.

"Afya, mzee wangu!" humwambia. "Afya!"