Wimbo wa Vitufe Vitatu

Sijapata kukidharau kifaa chochote kama nilivyolidharau lile sanduku la mafunzo, na kwa miaka mingi nimeona haya kusema kwamba ndilo lililonipa cheo.

Lilifika kwenye kiwanda chetu cha chai, huku Nyamira, katika miaka ya sabini, limefungwa blanketi kama mgonjwa, na mkufunzi kutoka Nairobi akililinda kila kona. Lilikuwa na kioo cha kuonyesha picha, na chini yake vitufe vitatu. Unaketi, unaulizwa swali, unabonyeza. Ukipata, taa ya kijani inawaka. Baada ya wiki moja ya mazoezi ungekuja mtihani, majibu yatobolewe kwenye kadi, kadi zipelekwe Nairobi zikasahihishwe na kompyuta. Atakayeanguka ataachishwa kazi. Mkufunzi alitueleza hayo polepole, kama anayesema na ng'ombe. Yeye mwenyewe asingeweza kutofautisha jani la chai na la mpera.

Aliyekuwa hatarini ni mzee aliyesimamia kunyausha, ambaye ujuzi wake wote ulikuwa mikononi. Majani mabichi hutandazwa kwenye vihori virefu vya waya, feni zikipuliza kutoka chini, mpaka yalegee. Yakitolewa mapema, chai inanuka nyasi. Mzee alibana majani ya kujaa kiganja, akafungua mkono, akatazama tonge linavyoachia, akanusa. Basi. Sikuwahi kumwona akikosea.

Siku ya pili tuligundua upumbavu wa sanduku: maswali yake hayakubadilisha mpangilio hata mara moja, na mkufunzi alikuwa ametuambia mtihani utakuwa wa maswali yale yale. Wengi wetu tulikuwa Wasabato, tumelelewa kwenye kwaya, tulisoma do-re-mi kabla hatujasoma barua. Kitufe cha kwanza tukakiita do, cha pili re, cha tatu mi. Mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya, kwa hiyo nikatunga wimbo. Kufikia Ijumaa kiwanda kizima kilikuwa kikiimba majibu kwa sauti ya chini, na mkufunzi akaandika daftarini kwamba wafanyakazi wana furaha.

Nilimpelekea mzee wimbo ule. Yeye alikuwa Mkatoliki, hakuwa wa kwaya yetu, lakini sikio alikuwa nalo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza nimemfundisha nini. Nikamjibu nimemfundisha kubaki kazini. Akasema ataingia mtihanini na mikono yake, inatosha.

Siku ya mtihani sanduku lilimwonyesha picha tatu za majani, achague yaliyonyauka vizuri. Akapapasa kioo. Mkufunzi akamwamuru abonyeze.

"Picha haina harufu," mzee akasema. "Wewe nipe majani, mimi nitakuambia."

Hakubonyeza kitu, wala hapo wala baadaye. Kadi yake ilikwenda Nairobi bila tundu hata moja, na kompyuta ikajibu kwamba hajui chochote. Sisi waimbaji tulifaulu sote. Mzee akaachishwa kazi, na mimi mtunzi, ambaye sikukosa hata swali moja, nikapewa vihori vyake.

Wiki mbili nzima chai ilinuka nyasi. Nilibana majani kila saa, lakini mkono wangu ulikuwa bubu. Tonge liliachia, au halikuachia. Sikujua lipi ndilo zuri. Mwishowe nikatia majani mfukoni, nikavuka ua wa kiwanda hadi shambani kwa mzee, nikamkuta akipalilia migomba. Hakunicheka. Alibana, akanusa.

"Hii majani inataka masaa mbili tena," akasema. "Kompyuta haikukuambia?"

Tangu hapo nikawa naenda kila zamu, nikinyemelea kama mwizi wa kuku, naye hakuniomba kitu. Chai ikawa nzuri. Mkufunzi akarudi na kamera, akanipiga picha kando ya sanduku, mwanafunzi bora wa mafunzo ya kisasa, nami nikatabasamu. Ningesema neno moja tu pale, huenda mzee angerudishwa. Sikulisema. Dharau niliyokuwa nayo kwa sanduku ilinirudia mimi, na ilikuwa haki yangu.

Picha hiyo niliitundika ukutani sebuleni. Siku moja mzee aliniletea ndizi, akaitazama, kisha akaniuliza kama ina harufu.