Mama Baridi na Maparachichi Yanayovuka Bahari

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuuma na sitaha ya meli iliyofunga gatini inatoa joto kama kikaango. Katikati ya kuta mbili ndefu za makontena meupe, mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu na kofia ngumu anatembea polepole. Mbele ya kila kontena anasimama, anatazama kioo kidogo cha namba, anainamisha kichwa kusikiliza, kisha anasogea kwenye jingine.

"Hili linaimba vizuri," anasema. Anakwenda mbele kidogo, anasita. "Hili linakohoa. Feni yake imechoka."

Kwa masikio ya mgeni, yote yanavuma sauti moja, mvumo unaoingia mwilini kupitia nyayo. Nje, bati la kontena linaunguza mkono. Ndani, nyuma ya ukuta usiozidi upana wa kiganja, samaki wamelala katika baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Jirani yao ni nyama, na jirani wa nyama ni maparachichi, ambayo hayagandishwi bali yanabembelezwa yasiive kabla ya wakati wake. Vyote vinakwenda ng'ambo, safari ya wiki kadhaa, na vinatakiwa vishuke vilivyo, kama vilivyopanda.

Kuhakikisha hivyo ni kazi ya mwanamke huyu, fundi umeme wa makontena ya baridi. Mabaharia wenzake wamempa jina la Mama Baridi.

"Watu wanadhani tunda likichumwa limekufa," anasema huku akifuta jasho kwa mkono wa ovaroli. "Halijafa. Linapumua, linatoa joto kama mtoto aliyelala. Ukilinyima hewa linaoza, ukilizidishia baridi linaungua. Mimi nalilaza tu, nalifikisha bila kuamka."

Alianza kwa kutengeneza friji za maduka ya soda na za mabucha, akibeba mtungi wa gesi begani mtaa hadi mtaa. Wateja waliomfungulia mlango walichungulia nyuma yake kumtafuta fundi. "Nilikuwa nawaambia, fundi ndiye huyu, mwingine hayupo."

Kisha akasikia kwamba meli zinatafuta watu wanaoijua baridi. Watoto wake wawili walikuwa wadogo, wa pili ndiyo kwanza ameacha ziwa. Aliyekata shauri ni mama mkwe wake.

"Aliniambia, 'Mwanangu, wanaume wanakwenda baharini na watoto wao wanakua. Nenda. Hawa niachie mimi.' Mpaka leo sijui nimpe nini yule mama."

Kazi hiyo imewajengea nyumba ya vyumba vitatu na kuwasomesha watoto, lakini nayo inachukua chake. Mwanawe mdogo aling'oka jino la kwanza mama akiwa katikati ya maji. Alionyeshwa pengo kwenye simu, picha ikikatakata.

Mumewe anafanya kazi kwenye ghala la matunda nje ya mji. Huyachambua maparachichi, mabovu huku, mazuri kule, na mazuri huyabandika kibandiko chenye nembo ya ghala. Mara nyingi matunda aliyoyashika yeye ndiyo yanayokuja kuangukia mikononi mwa mkewe.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye safari ambayo Mama Baridi anasema hataisahau.

Meli ilikuwa mahali ambapo nchi kavu iko mbali kila upande. Mchana, akinywa chai jikoni kwa mpishi, taa zilizimika. Taa kuzimika si ajabu. Kilichomwinua kitini ni kimya.

"Feni zote zilinyamaza kwa pamoja. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia meli imenyamaza. Nikasikia maji yanagonga ubavu. Mpishi akaniuliza kuna nini, nikamwambia baridi imekatika. Nilikuwa nimeshafika mlangoni."

Jenereta kubwa ilikuwa imeshika moto. Mabaharia waliuzima na hakuna aliyeumia, ila jenereta zilizobaki ziliweza kuendesha meli na kulisha nusu tu ya makontena.

Walikutana sitahani: nahodha, mhandisi mkuu ambaye wote humwita Chifu, na Mama Baridi. Mpishi alikuwa amewafuata na aproni yake.

"Kwa hiyo nusu tumeipoteza," nahodha alisema.

"Vilivyoganda vinaweza kusubiri," Chifu akajibu. "Mlango ukibaki umefungwa, barafu inajitunza yenyewe kwa muda. Matunda ndiyo hayasubiri."

"Basi matunda tusiyazime kabisa," Mama Baridi akasema. "Samaki na nyama wapokezane umeme. Hawa wakila, wale wafunge."

"Na nani atakuwa anahamisha plagi zote hizi, kila mara, mpaka tufike?"

"Mimi, nahodha."

"Peke yako?"

Aliyejibu ni mpishi, akifungua aproni. "Nionyesheni jinsi ya kuchomoa na kuchomeka. Vitunguu vitanisubiri."

Kuanzia hapo meli nzima iligeuka kuwa mafundi. Plagi zile ni nzito kama nyundo, na nyaya zake ni nene kama mkono wa mtoto. Walipanda ngazi za chuma na kushuka, wakachomoa, wakachomeka, wakalala kwa zamu palepale kwenye vivuli vya makontena. Nahodha mwenyewe alionekana amelowa chapachapa, ameshika waya huku Chifu akikaza plagi yake.

Kisha bahari ikachafuka. Katikati ya mawimbi, kontena moja la maparachichi, la safu ya juu, likaanza kupanda joto. Mama Baridi akafunga kamba kiunoni, akapanda. Chifu aliishika kamba ile kwa mikono miwili.

"Nilipofika juu nikatazama," anasema, na hapo sauti yake inashuka. "Maji hayana mwanzo, hayana mwisho. Yanatuinua kama tawi. Nikaona sisi ni kitu kidogo mno. Na kitu kidogo hicho kimebeba chakula cha mji mzima. Sijui niiteje hali ile. Nikafungua kifuniko, nikakuta waya umelegea, nikaukaza. Feni ikaitika."

Walipofunga gati, wakaguzi walifungua kontena la kwanza la samaki. Ukungu mweupe ulimwagika mlangoni ukawafunika miguu. Mkaguzi akachoma kipimajoto ndani ya samaki, akakitazama, akaomba kingine, akachoma tena. Kisha akamgeukia Chifu. "Mmewezaje?"

Si vyote vilivyopona. Kontena moja la kamba wa baharini liliharibika, na Mama Baridi hulitaja kama mtu anavyotaja msiba.

Waliruhusiwa kushuka mjini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya baharini, aliamua kuingia duka la vyakula, si kununua bali kutazama. Akayakuta maparachichi yamepangwa, na juu yake kibandiko cha ghala la mumewe. Bibi mmoja mwenye mkongojo alikuwa akiyachagua. Alilichukua moja, akaliminya kwa dole gumba karibu na kikonyo, akatabasamu mwenyewe, akalitia kikapuni.

"Nilisimama pale kama mwizi. Nikatoka nje, nikampigia baba watoto. Nikamweleza nilichokiona. Halafu akaniuliza, 'Yalikuwa bado magumu?' Nikamwambia, magumu hasa. Nikamsikia anavuta kamasi."

Leo mumewe amepata kibali cha kuingia bandarini kumuaga. Amesimama gatini, shingo ameikunja nyuma, akilifuata kwa macho kontena linaloning'inia kwenye kreni mpaka linapotua mahali pake juu kabisa. Hajafumba mdomo tangu lilipoinuliwa.

Baharia wa siku nyingi huruhusiwa kusafiri na mwenzi wake, na Mama Baridi ameshaomba nafasi hiyo kwa msimu ujao wa mavuno. Watoto wamekua na bibi yao amekubali. Kikwazo ni mhusika mwenyewe, ambaye huogopa maji hata ya beseni.

"Nataka asimame pale dukani," anasema Mama Baridi, aliyeshuka gatini kuagana naye. "Amwone mtu akichagua. Asiseme kitu. Atazame tu."

Mumewe anageuka. "Na nikitapika njia nzima, mama watoto?"

"Utatapika," anamjibu, akivaa glavu zake. "Na utafika."