Kitabu Kilichohamia kwa Kuku

Pale maktaba walimwita Bi Rula. Mwenyewe alilijua hilo jina na hakulikataa, na angelikataaje? Mwanamke akipita na toroli lake kando ya rafu, akaona kitabu kimoja kimejitokeza mbele kwa unene wa ukucha, basi hapiti. Atasimama, akisukume kwa kidole, arudi nyuma akitazame, ndipo aendelee na safari. Wenzake walisema siku akifa ataomba makaburi ya jirani yapangwe kwa namba.

Kazi yake ilikuwa kurudisha vitabu mahali pake. Kununua na kuazimisha kulikuwa na wenyewe, wale waliokaa kaunta. Yeye aliokota vilivyoachwa mezani, akasoma namba iliyobandikwa mgongoni mwa kila kimoja, akavipeleka nyumbani. Ndivyo alivyosema mwenyewe, nyumbani. Kitabu kisicho mahali pake, kwa hesabu zake, hakina tofauti na kitabu kilichoibwa, maana anayekitafuta hakipati. Usibishane naye hapo, mtakesha.

Mumewe alikuwa fundi makufuli. Alikuwa na kibanda chake barabara ya pili, akichonga funguo na kuwafungulia watu waliojifungia nje ya nyumba zao. Jioni akishafunga alipita maktaba kumngoja mkewe atoke, na kabla hajatafuta pa kukaa lazima awachokoze wale wa kaunta. Atawauliza kama bado wanalinda makaratasi. Atawaambia wizi wote wa mji huu anaujua, na hajasikia mwizi hata mmoja aliyevunja mlango kwa ajili ya kitabu. Watu wanacheka, naye anajiendea zake nyuma kule ukumbini kusubiri.

Lakini mzaha ule ulikuwa na chanzo chake. Fundi aliacha shule mapema, baba yake alipofariki, na herufi zilibaki watu wa kusalimiana kwa mbali. Akikutana na neno fupi anapita nalo, refu linamchenga. Walipokuwa bado maharusi Bi Rula alijitolea kumfundisha. Bwana yule alinuna, akala bila kusema, akalala bila kusema, na ilichukua siku kadhaa nyumba kurudi kuwa nyumba. Bi Rula hakulirudia tena jambo lile. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaenda kwao, nalo likabaki pale pale halina wa kuligusa.

Sasa basi, kikazuka kituko.

Kulikuwa na kitabu kinene cha jalada la kijani, habari za vitabu vyenyewe: watu wa kale walivyoviandika, walivyovihifadhi, walivyovipanga. Mahali pake ni rafu ya kwanza kabisa, mkabala na kaunta. Asubuhi moja Bi Rula akakikuta mwisho wa ukumbi kwenye ufugaji wa kuku, kimelazwa nyuma ya vitabu vya chanjo za vifaranga. Akakirudisha. Kesho yake kiko kwa kuku. Akakirudisha huku akisonya. Ikawa ndio mtindo, yeye anakitoa asubuhi, kitabu kinarudi jioni.

Aliwauliza wenzake ni kuku gani huyo anayesoma historia. Hawakujua. Alidhani ni wanafunzi, maana wanafunzi wana tabia ya kuficha kitabu kabla ya mtihani ili wenzao wasikipate, lakini mitihani ilipita na kitabu kikaendelea kuhama. Siku za mwizi arobaini, akajisemea, nitamkamata tu.

Na katika kumwinda mwizi, siku moja akakifungua. Alitaka kujua kina utamu gani. Akasoma ukurasa mmoja amesimama, akageuza wa pili, toroli likamsubiri. Loo! Kumbe hapo kale vitabu havikuwa na mgongo hata kidogo. Vilikuwa karatasi ndefu zilizoviringishwa, zikatiwa kwenye mitungi au kwenye vishimo vya ukutani, na kijilebo kikining'inia ili mtu ajue kilichomo. Kumbe vilipopata majalada vililazwa chali sandukuni kama nguo. Kumbe kusimama wima vimejifunza juzi tu. Bi Rula aliitazama ile rafu aliyoipanga miaka yote, migongo yote imeelekea kwa watu, akashangaa kwamba hajawahi hata siku moja kujiuliza nani aliyeamua iwe hivyo. Alijiona kama mtu aliyekaa na mkwe miaka ishirini bila kumwuliza kwao wapi.

Kuanzia hapo kila asubuhi alisoma kidogo kabla ya kukirudisha. Jioni njiani alimsimulia mumewe. Fundi aliitikia mh, mh, akitazama barabara.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini rafu zilikuwa zimejaa. Mkutubi mkuu, mama mtaratibu asiyepandisha sauti, aliwakusanya akawaambia vitabu vipya vimekaa kwenye maboksi hadi panya wanavizoea, na sasa lazima vya zamani vipishe. Kila kitabu ambacho hakijapigwa muhuri wa kuazimwa kwa miaka mitano kitolewe. Ijumaa linakuja lori la kiwanda cha karatasi. Na mfanyakazi yeyote asijaribu kuazima ili kuokoa, maana safari iliyopita walifanya hivyo, vitabu vikaenda kulala majumbani mwao na kurudi bila kufunguliwa.

"Msomaji wa kweli," alisema, "au lori."

Bi Rula alipewa rafu za mwanzo. Alipofika kwenye kile cha kijani alifungua nyuma, penye karatasi ya mihuri. Nyeupe. Hakijaazimwa na mtu tangu kinunuliwe. Roho ilimwuma, lakini sheria ni sheria, akakiweka kwenye toroli la wanaoondoka. Mkono ukakataa kukiachia. Akakifungua tena, na safari hii hakusoma, alikikagua kama anavyokagua mali. Nusu ya kwanza kurasa zilikuwa laini, pembe zimeviringika kwa kushikwashikwa. Nusu ya pili ilikuwa imekaza, haijaguswa. Na katikati, kwenye maungio ya kurasa, kulikuwa na chembechembe za manjano ziking'aa. Alizigusa kwa kidole kilicholowa mate.

Vumbi la shaba. Vumbi la funguo zinazochongwa, lile lile analolikung'uta kwenye kola za mashati kila wiki, analolikuta kwenye shuka, na siku nyingine hata kwenye wali. Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Rula alikaa chini pale pale, juu ya kipago cha kupandia rafu.

Kwanza alikasirika, kuzungushwa vile na mume wake mwenyewe. Halafu hasira ikageuka, ikamrudia. Maana yule mtu alikuwa na kona yake kwa kuku ambako hakuna anayemwona akisoma kwa kidole, na yeye kila asubuhi amekuwa akikinyakua kitabu na kukipeleka mbele ya kaunta, ili jioni mwenzake akakiibe upya mbele ya macho ya watu aliowatania. Miezi yote hiyo! Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Jioni ile mezani alimtega. Alianza kusimulia kama kawaida, kwamba zamani vitabu vilikuwa adimu sana, wakavifunga kwa minyororo kwenye rafu, mnyororo umepigiliwa kwenye mgongo wa kitabu. Alijua si kweli. Fundi alitafuna. Alikunywa maji. Alifuta mdomo. Bi Rula akaendelea, mgongoni kabisa, palepale penye jina.

Fundi makufuli ni fundi makufuli. Mtu hawezi kuvumilia kazi yake ikiharibiwa hivyo.

"Sio mgongoni," fundi alisema. "Ukingoni mwa jalada, upande unaofungukia. Ukiupiga mgongoni kitabu kinapasuka. Ndiyo maana migongo ilitazama ukutani na kurasa zikatazama watu."

Akaliona shimo alilotumbukia. Bi Rula hakucheka, ingawa alitaka, akamwuliza taratibu amefika wapi.

Ikabidi aseme. Jioni moja, akimngoja, alikuta kitabu kimeachwa wazi mezani kwenye picha ya rafu yenye vyuma, na mwisho wa chuma kufuli la funguo mbili. Alitaka kujua tu, mtu anafungaje kitabu kufuli? Nani anaweka funguo? Picha haikumjibu. Akajaribu maneno yaliyo chini ya picha. Yalimchukua jioni nzima, lakini yakafunguka, na kufuli likishaanza kufunguka fundi hawezi kuliacha. Akarudi ukurasa wa kwanza kabisa, aanze kama watu.

"Nimefika wanapoanza kuikata minyororo," alisema. "Sijui nani aliyethubutu kwanza."

Hapo Bi Rula akamwambia habari za lori. Alimwona akishtuka, na kuuona mshtuko wake kulimwumiza kuliko alivyotarajia. Akamwambia iko njia moja, aende kaunta achukue kadi, akiazime. Fundi akatikisa kichwa kabla hajamaliza.

Maana maktaba ile ina desturi yake ambayo sijaisikia kwingine. Anayetaka kadi husimama kaunta, hupewa kibao chenye maandishi ya ahadi, naye huisoma kwa sauti, mbele ya yeyote aliyepo. Aliianzisha mkutubi wa kwanza na hakuna aliyewahi kuifuta. Watoto wa shule huisoma kwa pumzi moja kama wanaokimbiza basi. Fundi alikuwa ameisikia mara nyingi kutoka kule kwa kuku.

"Basi kiende," alisema.

Bi Rula alimwambia atakisoma yeye kabla ya Ijumaa, amhadithie mwisho wake. Fundi alikataa hilo nalo, bila ukali. Alisema amefika hapo kwa miguu yake, hataki kubebwa kipande kilichobaki. Akaondoka mezani. Bi Rula aliogopa kwamba zile siku za kununa zimerudi, na safari hii zitakaa.

Ijumaa lori likaja mchana, likaegeshwa mlango wa nyuma. Vijana wa kiwanda walibeba maboksi wakiimba. Bi Rula alilisukuma toroli lake polepole kuliko siku zote, kile cha kijani akikiweka chini kabisa, kisha akikitoa, kisha akikirudisha. Toroli la mwisho lilikuwa lake.

Alipopita kaunta alimkuta mumewe kwenye foleni. Shati limepigwa pasi, mikono imesuguliwa kwa mafuta ya taa hadi imekuwa myekundu. Nyuma yake wanafunzi. Karani alipomwona akatabasamu, akamwuliza leo kaja kuwatukana vipi.

"Nataka kadi," fundi alisema.

Karani alidhani ni utani. Aliposubiri utani usije, akampa kibao.

Fundi akaweka kidole. Naahidi, akaisoma kwa vipande, na-a-hi-di, kisha akaiunga. Kukitunza. Kitabu. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kibandani. Mwanafunzi mmoja akaguna, mwingine akacheka kwa pua. Jasho lilimtoka fundi kando ya sikio. Kidole kikafika kwenye neno refu kikasimama. Kikarudi mwanzo wa neno. Kikasimama tena. Ukumbi mzima ukamtazama kama watu wanaosubiri mtu aanguke.

Bi Rula alijiuma mdomo. Neno alilijua, lilikuwa limemjaa kinywani, na alijua pia akilisema amemmaliza mume wake mbele ya watu. Mara fundi akainua uso, akamtafuta, akamwona pale kwenye toroli.

"Mke wangu," aliita, na ukumbi mzima ukasikia. "Njoo unisaidie. Hapa wamesemaje?"

Bi Rula akakitoa kile cha kijani torolini, akaenda nacho. Alisimama begani kwake, akaweka kidole chake chini ya kile cha mumewe.

"Nitakachoazima," alisema.

"Nitakachoazima," fundi akarudia. Akaendelea peke yake, pole pole, bila kuogopa tena kuchelewesha watu: kutokiandika, kutokikunja, na kukirejesha kabla ya muda kwisha, ili mwenzangu asikikose. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Karani akachukua kile cha kijani mikononi mwa Bi Rula, akafungua nyuma, akaipiga ile karatasi nyeupe muhuri wake wa kwanza. Mkutubi mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alilisogeza toroli kando mwenyewe ili fundi apite.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kitabu kwapani mwa fundi. Bi Rula alilia kidogo njiani, akasema ni vumbi, na fundi akamwachia liwe vumbi. Karibu na nyumbani fundi akasimama ghafla.

"Na wewe si ulikuwa ukikisoma? Umeshafika kwenye aliyekata mnyororo wa kwanza?"

Bi Rula alikuwa ameshafika, na ameshapita. Ukurasa ule aliusoma asubuhi ile ile, mara mbili, akidhani ni kwa mara ya mwisho.

"Bado sana," akamwambia. "Ukifika, unisimulie."