Maneno ya Kiswahili Kwenye Kompyuta ya Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa taipureta ambayo herufi R haikupiga. Karani Mkuu akasema, "Hiyo utaiandika na kalamu." Ofisi yetu ya Nakuru ilitunza rekodi za ng'ombe wa maziwa: mama yake nani, fahali gani alimzaa, anatoa maziwa kiasi gani. Baadaye nilihamishiwa Naivasha, kisha nikarudishwa Nakuru kwa sababu nilichapa haraka.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, Meneja alituletea kompyuta. Ninyi mliozoea kubonyeza picha hamkuiona ile. Ukiiwasha, kioo cheusi kilionyesha herufi A na alama kama ncha ya mshale, kikanyamaza. Hapo programu ya kupokea amri ilikuwa inakungoja. Ulichapa neno; kama halikuwa kati ya amri chache ilizozijua yenyewe, ilitafuta kwenye diski faili lenye jina hilo na kuliendesha. Ukikosea herufi, ilikurudishia neno lako na alama ya kuuliza.

Mzee Kirui, karani wa rejista, aliwajua ng'ombe wa mashamba ya Dundori kwa majina. Lakini amri ya kunakili, PIP, ilimshinda. Leo BIP, kesho PEP. Meneja akampa hadi Ijumaa awe ameiweza, la sivyo astaafishwe mapema.

"Nyambura," Mzee aliniambia, "hii kitu inaniuliza nini? Si mimi ndio nauliza?"

Sikucheka.

Nikawaza: kama amri ni jina la faili tu, jina linabadilika. Nikaibadilisha PIP ikawa NAKILI. STAT, iliyoonyesha mafaili na ukubwa wake, nikaiita ORODHA. Jina halikuruhusiwa kuzidi herufi nane, na hayo mawili yalitosha. Alhamisi, Mzee Kirui alinakili rejista nzima bila kuniita.

Jumatatu fundi alikuja kutoka Nairobi kukagua mashine. Akachapa PIP. Alama ya kuuliza. Akarudia. "Boss, hii diski imeharibika," akasema.

Meneja akageuka. "Nani ameguza hii machine?"

Nilikuwa na watoto wawili na kazi hiyo moja. "Ni mimi, sir."

"Wewe! Na nani alikutuma?"

Kabla sijajibu, Mzee Kirui alivuta kiti akaketi. Akachapa NAKILI na majina ya faili, polepole, kwa kidole kimoja. Taa ya diski ikawaka. Akaitoa diski, akampa Meneja kwa mikono miwili. "Ng'ombe wa Dundori wote wako hapo, sir."

Fundi aliinama, akasoma kioo, akaanza kucheka. "Hakuna kitu imeharibika. Huyu mama amebadilisha majina tu."

Meneja aliigeuza diski mkononi. "Fundi apewe diski yake yenye majina ya Kiingereza," akasema. "Hiyo ya Mzee muiwache."

Hata hivyo niliandikiwa barua ya onyo. Na kwa kuwa mchapaji wa ofisi nilikuwa mimi, niliichapa mwenyewe, bila kosa hata moja.

Mzee Kirui alifanya kazi hadi umri wake ulipofika. Mimi nilifundisha makarani wengi baada yake. Walioniambia wao ni wajinga wa kompyuta, nilianza kwa kuwauliza ni neno gani limewashinda. Leo nimestaafu, nalima viazi. Onyo lile ndilo pekee nililopata kazini, na kosa lile ningelirudia kesho asubuhi.