Mama Miche na Gari la Mpima Ardhi

Watu walimwita Mama Miche, na jina hilo lilikuwa limemkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye viganja vipana ambavyo mikunjo yake ilishaingia weusi wa udongo, weusi usiotoka hata kwa brashi na sabuni ya kufulia. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya nyumba, kimepangwa kama darasa: mistari na mistari ya viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, kila kiriba na mche wake wa parachichi, mchungwa au mwembe. Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, alipita katikati ya mistari akiweka kiganja juu ya udongo, hapa na pale, kama anayepima homa ya mtoto aliyelala. Kipimo kingine hakuwa nacho, na miche haikuwahi kulalamika.

Kukuza hakukumpa shida. Shida ilikuwa kupeleka.

Wateja wake wakubwa walikaa mlimani. Barabara ya huko ilikuwa ya udongo mwekundu, kiangazi mgumu kama sakafu, lakini mvua ikinyesha mara mbili tu unageuka uji. Na miche haipandwi kiangazi. Hupandwa mvua zinapoanza, katika wiki zile zile ambazo kila mwenye gari la kukodi anakumbuka ghafla kwamba ana msiba kwao. Mwaka uliopita dereva mmoja alikubali, akafika chini ya mlima, akayatazama matope, akashusha miche mia nne kando ya njia kwa upole kabisa, akaondoka. Wateja walishuka kuibeba kwa vichwa na mabega. Viriba vikapasuka, mizizi ikakatika, na mingi ikafa kabla haijashika. Hawakumgombeza Mama Miche. Mwenyekiti wao, mama mmoja wa sauti ya chini, alimwambia tu kwamba mwaka huu wakikosa miche ya mapema watamtafuta mtu mwingine. Angemtukana ingekuwa afadhali. Upole ule ulimkaa Mama Miche kifuani miezi kumi na moja.

Ndiyo maana alipoona tangazo kwenye ukuta wa duka la mbegu na mbolea, alisimama akalisoma mara mbili. Gari kuukuu, linavuta kwa magurudumu yote manne, bei ya chini. Muuzaji alikuwa mpima ardhi mstaafu, na mwandiko wake ulinyooka kama aliuwekea rula. Mwishoni aliandika: "Limetembea kilomita 387,000. Asiyeweza kustahimili habari hiyo asinisumbue."

"Laki tatu na elfu themanini na saba," mumewe alirudia jioni hiyo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na namba ikiingia masikioni mwake haitoki bila kufanyiwa kitu. Akatazama dari kidogo. "Mama, unajua mwezi uko mbali kiasi gani? Hilo gari lingechongewa barabara, sasa hivi lingekuwa limefika mwezini na limeegeshwa."

"Mimi silipeleki mwezini. Nalipeleka mlimani."

"Ndiyo nasema. Limechoka."

"Na wewe umekwenda shule kwa miguu miaka ishirini na mbili. Nikuuze?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Yeye alikuwa na lake moyoni, gari dogo la nyumbani, lisilotembea sana, ambalo mtu angeshuka nalo mbele ya shule akiwa na viatu safi. Alilijua jibu la mkewe: gari hilo lingebeba viatu safi, miche ingebaki. Basi aliomba jambo moja tu, asiende peke yake. Aende na mdogo wake.

Huyo mdogo wa mwalimu alikuwa fundi wa magari, mwenye gereji karibu na kituo cha mafuta na mdomo usiopumzika. Alimpa shemeji yake somo njia nzima.

"Kitu cha kwanza, gusa boneti. Gari bovu huamka kwa taabu likiwa la baridi. Mwenye kuficha hulipasha moto kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, usiulize maswali. Geuka."

"Hata salamu nisitoe?"

"Salamu toa. Umeolewa kwetu, usituaibishe."

Walifika saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi. Wingu la kwanza la msimu lilikuwa limeanza kujikusanya mbali, na watabiri wa redioni walikuwa wamesema mvua itafika baada ya siku tisa. Gari lilisimama uani, rangi yake ya kijani imefifia kama ubao wa shule ya zamani. Lilikuwa limeoshwa, maji bado yanadondoka kwenye vioo. Mpima ardhi alisimama kando yake na shati alilofunga vifungo hadi shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Mkono wa Mama Miche ulishafika kwenye boneti wenyewe. Haikuwa vuguvugu. Ilikuwa ya moto, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Shemeji naye akagusa, akauondoa mkono, akaanza kuifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu.

"Mzee, limetoka asubuhi hii?" Mama Miche aliuliza.

"Kidogo tu." Mzee alikuwa anatazama geti. "Nililitoa kidogo."

Shemeji alimvuta pembeni. "Twende zetu. Nilikwambia au sikukwambia?"

Alimwambia, kweli. Lakini Mama Miche alikuwa amedanganywa na madereva wengi, na wote walimdanganya wakimtazama usoni, wakitabasamu. Aliyezoea uongo hujua pa kuyaweka macho. Huyu mzee hakujua. Macho yake yalikwenda getini, yakaenda kwenye viatu, yakarudi getini. Na zilikuwa zimebaki siku tisa, na gari jingine la bei hii halikuwepo.

"Mzee," alisema, "tutasubiri lipoe."

"Lipoe?"

"Lipoe kabisa, ndipo niliwashe. Una haraka?"

"Mimi mstaafu, mwanangu. Haraka nitaitoa wapi?"

"Shemeji," fundi alinong'ona, "injini ya dizeli ya ukubwa huu kupoa kwake ni muda wa saa nne."

"Tutakaa hizo saa nne."

"Na gereji yangu?"

"Gereji yako ina magari yanasubiri tangu mwaka juzi. Yameshazoea."

Basi walikaa. Viti vinne vya plastiki vilitolewa kivulini, chai ikaletwa na mke wa mzee, mama mnene wa macho ya kucheka, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Fundi hakuweza kukaa; alijilaza chini ya gari na kuanza kutangaza maradhi kama mtangazaji wa mpira.

"Oili inavuja. Si sana. Inatoa machozi tu, haijaanza kilio."

"Imekuwa hivyo tangu tuko vijana," mke wa mzee alijibu.

"Springi ya nyuma imelala."

"Hiyo ni mimi," yule mama alisema, na uso mkavu kabisa. "Nimeikalia miaka kumi na tisa."

Mama Miche alicheka akamwaga chai. Alianza kuwapenda watu hawa, na hilo lilimtia hofu, kwa sababu ukishampenda muuzaji unaanza kuyasikia unayotaka kuyasikia. Akajikumbusha miche mia nne kando ya njia.

Kisha chini ya gari ukasikika ukwaruzo wa kucha. Fundi akatoa kichwa.

"Mzee, huku juu limeoshwa vizuri. Huku chini kuna shamba zima. Matope mabichi. Mvua haijanyesha wiki sita, haya umeyatoa wapi?"

Mzee aliweka kikombe chini. Mkewe alikuwa ameshaanza kutikisika kwa kicheko.

"Waambie, baba. Au niwaambie mimi?"

"Nitasema mwenyewe." Mzee alifungua kifungo cha shingoni. "Kwenye tangazo niliandika linavuta kwa magurudumu manne. Jana nikakumbuka hiyo gia sijaigusa tangu nistaafu. Miaka sita. Nikajiuliza, nikimwambia huyu mama kwamba linavuta, nitakuwa nasema kweli, au nakumbuka tu? Basi leo saa kumi alfajiri, giza halijaisha, nikalipeleka bondeni kule mtoni, kwenye tope, nikalijaribu."

"Ikawaje?" Mama Miche aliuliza.

"Likazama."

Chini ya gari kulisikika kicheko, kisha kichwa kikigonga chuma.

"Gia iligoma. Kama imeshonwa. Nikasukuma, nikavuta, nikaitukana."

"Kutukana hajui," mkewe alisema. "Alikuwa anaiomba."

"Mwisho nikarudi nyuma kidogo, nikaishusha, ikakubali, likatoka. Lakini nilikaa mle saa nzima. Nikaja nikaliosha ili msione." Alimtazama Mama Miche usoni kwa mara ya kwanza. "Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Kulijaribu hakukuwa kosa. Kuosha ndiko."

"Amerudi na matope mpaka ndani ya masikio," mkewe aliongeza. "Nikamwambia, mtu mzima na mvi zako, asubuhi yote hii ulikuwa unacheza na viboko?"

Wote walicheka, isipokuwa Mama Miche, aliyecheka nusu. Uaminifu wa mzee ulikuwa mzuri, lakini peke yake usingepandisha miche mlimani. Gia inayogoma bondeni ingegoma na kule kwenye kona ya mwisho, miche mia sita ikiwa mgongoni mwa gari. Alimgeukia shemeji.

"Hiyo gia inatengenezeka?"

Fundi alifikiri, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mbele ya watu. "Inaweza kuwa kutu tu. Inaweza isiwe kutu. Sijui mpaka niifungue."

"Leo mmeamua wote kusema kweli," mke wa mzee alisema. "Biashara itafanyika saa ngapi?"

Ilipofika saa tano na nusu, boneti ilikuwa ya baridi kama ukuta. Mama Miche aliingia, akageuza ufunguo. Gari lilikohoa, likanyamaza. Akageuza tena. Likatetemeka kama mtu aliyenyang'anywa blanketi, likatoa moshi mweupe, kisha likashika na kuunguruma taratibu. Fundi alisikiliza ameinamisha shingo na hakutia mzaha wowote. Kwa waliomjua, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

"Sasa twende kule lilikozama," Mama Miche alisema.

"Mwanangu, ndiyo kwanza nimelitoa huko."

"Nitaendesha mimi."

Walikwenda wote wanne, mke wa mzee nyuma juu ya springi yake. Bondeni, mitaro miwili ya magurudumu ilionekana wazi, na kando yake alama za viatu za mtu aliyezunguka gari mara nyingi akiwaza. Mama Miche alilitia gari mle mle. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, tope likaruka hadi dirishani. Akakamata ile gia ndogo ya magurudumu manne. Haikutikisika.

"Sukuma kwa nguvu," shemeji alisema.

Hakusukuma. Alirudi nyuma nusu hatua, akangoja, akaishusha bila pupa. Ikagoma. Akarudia. Ikagoma. Mara ya nne kulisikika mgongano mzito chini ya miguu yao, magurudumu ya mbele yakauma udongo, na gari likapanda ukingo polepole, kama mama mjamzito anayepanda ngazi.

Akafika juu. Aligeuza, akashuka tena kwenye tope. Safari hii gia ilikubali kwa jaribio la pili. Akageuza tena.

"Shemeji, tosheka," fundi alisema, ameshikilia mlango.

Mara ya tatu iliingia moja kwa moja, laini, kama isiyojua kwamba iliwahi kugoma. Mama Miche alizima injini, akakaa kidogo mikono kwenye usukani. Gia haikuwa imekufa. Ilikuwa imekaa miaka sita bila mtu wa kuiita. Aliwajua watu kadhaa wa namna hiyo, na siku nyingine wazo hilo lingemharibia mchana mzima, lakini leo lilimfurahisha.

"Mzee, limewahi kukulaza njiani?"

"Mara mbili kwa miaka kumi na tisa. Moja ni kosa langu, dizeli iliniishia."

"Zote mbili kosa lako," sauti ilitoka nyuma.

"Zote mbili kosa langu," mzee alikubali.

"Nalichukua."

Mzee alikifunga tena kile kifungo cha shingoni. "Nitakupunguzia kidogo, kwa ajili ya gia."

"Gia nimeisamehe. Nipunguzie kwa ajili ya kuosha."

Shemeji alikaa na gari hilo gerejini siku nne, nalo likayapita kwenye foleni yale yaliyozoea kusubiri. Ilikuwa kutu tu, kama alivyobahatisha, ingawa mtu asingemsikia akikiri kwamba alibahatisha. Mvua haikungoja siku tisa. Ilinyesha siku ya saba, usiku kucha. Asubuhi Mama Miche na mwalimu walipakia miche mia sita, bega kwa bega, na mwalimu akapanda mbele akiwa amepakata kreti iliyokosa nafasi. Kwenye kona ya mwisho alifumba macho. Alipoyafumbua walikuwa juu, kwenye uwanja wa mwenyekiti, na hakuna kiriba kilichopasuka.

Mwenyekiti alitoka amejifunga khanga kichwani, mswaki mdomoni. Akalitazama gari. Akaitazama miche. Akautoa mswaki.

"Mama Miche, mbona leo?"

"Ulisema mapema."

"Nilisema mapema, ndiyo." Sauti yake ya chini ilizidi kushuka. "Lakini sisi tunakujua. Tukasema, akiahidi leo, atafika kesho kutwa. Mashimo hatujachimba hata moja."

Wakatazamana, na mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, akiwa ameziba mdomo kwa mkono wenye mswaki. Mwalimu alishusha kreti taratibu, akavua viatu vyake, akavipanga pembeni sambamba kabisa, na kuuliza majembe yako wapi.