Vipimo vya Basi

Shangazi yangu alilipima basi siku mbili kabla ya safari, kwa futi ileile aliyokuwa akiwapimia watu nguo. Mimi nilimshikia ncha moja, yeye ameketi juu ya kigoda, mkongojo wake umeegemea tairi. Vipimo akavitia kwenye daftari lake la wateja. Daftari halikuwa na nafasi ya ngazi, kwa hiyo sentimita thelathini na nane za ngazi ya kwanza ziliandikwa penye "mguu", na upana wa kiti penye "nyonga". Mlinzi wa stendi alipokuja kuuliza tunafanya nini, alijibiwa, "Tunampima huyu. Ana safari."

Baridi yabisi ilimwanza vidoleni, ikashuka magotini, ikapiga kambi nyongani. Goti lake la kulia hupanda sentimita ishirini, si zaidi. Hilo nalo alilipima. Kaka yake, yaani baba yangu, anaishi mwendo wa saa saba kwa basi, na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Kila Shangazi alipotaja kwenda kumwona, sisi watoto tulimwambia asubiri apone kwanza. Msemaji wetu nilikuwa mimi. Nililisema neno hilo miaka minne, kwa upole, kama mtu anayejua anachosema. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba ugonjwa ule haupoi, mtu huishi nao tu.

Kisha baba akalazwa wiki mbili. Aliporudishwa nyumbani, Shangazi hakutaka tena maoni yangu.

"Alhamisi naondoka," aliniambia. "Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kunishauri, kamshauri mwenzio."

Seremala akamtengenezea kibao cha kukanyagia, sentimita kumi na tisa kamili, nusu ya ile ngazi. Mto wa kukalia aliuagiza kwa fundi mwingine, akautoa kasoro nne, akauchukua. Dawa alizigawa kwenye vifuko, kila kifuko kimeandikwa saa yake. Dereva naye aliwekwa kitako. Aliambiwa kwamba abiria wa kiti cha mlangoni lazima asimame kila baada ya saa moja, la sivyo viungo vitakaza. "Nikikaza nimekunja magoti," Shangazi alimwambia, "kunishusha itakuwa kazi yako." Dereva alikubali papo hapo.

Alhamisi asubuhi tukakuta basi jingine. Lile letu liliharibika usiku, wakaleta hili, refu na lenye mapazia, dereva yuleyule. Shangazi alitoa futi. Ngazi ya kwanza: hamsini na nne. Alipiga hesabu kimyakimya, kisha akaikunja futi taratibu na kuirudisha mkobani. Katika maisha yake ya kazi hakuna mteja aliyewahi kurefuka kwa siku mbili.

Kondakta, mtu wa kifua kipana na nia njema, alikunja mikono ya shati.

"Mama, nikubebe?"

"Wewe unabeba mizigo, mwanangu. Mizigo iko kule nyuma."

Hapo mimi nikafungua mdomo. Nikasema labda turudi nyumbani, twende wiki ijayo, lile basi likishatengenezwa. Shangazi alinitazama kama anavyotazama mshono uliokwenda upogo.

"Wiki ijayo ya nani?" akauliza.

Akapanda juu ya kibao, akaligeuzia basi mgongo, akaketi kwenye ngazi ya kwanza kama mtu aliyefika barazani kwake. Kisha akajisukuma kwa viwiko na mguu wa kushoto, wenye nafuu, kinyumenyume, ngazi ya pili, ngazi ya tatu, uso wote umeelekea stendi. Watu walisimama kutazama. Kwa kuwa walikuwa wanamtazama, akawasalimia. Ngazi tatu zilimchukua dakika kumi na moja.

"Mwenda pole hajikwai, mama," kondakta alimtia moyo.

"Lakini anachelewesha basi. Twendeni."

Saa saba zikawa saa nane na nusu. Kituo cha kwanza abiria walinung'unika. Kituo cha tatu walishuka wote kunyoosha miguu, na baada ya hapo dereva alipopitiliza saa, waliopiga kelele ni vijana wa viti vya nyuma. Shangazi alisimama kila mara ameshika mlango, akatembea hatua kumi huku na kumi kule, akarudi. Hakulalamika. Mimi nilimhesabia hatua na kuona haya, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa gumu kiasi nilichokuwa nikisema.

Baba tulimkuta kitandani, ameegemezwa mito mitatu. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Kumbe unaweza kusafiri," baba alisema.

"Naweza."

"Sasa mbona hukuja siku zote hizi, dada? Nilikuwa nakungoja."

Shangazi aliinua macho akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wake, nangoja nitajwe, na nilistahili.

"Nilikuwa na nguo za watu," akamjibu.

Alikuwa hajashona nguo ya mtu kwa miaka mitatu.

"Nyinyi mafundi," baba akasema, mkono wake bado umo mikononi mwa dada yake, "mnachelewesha kila kitu."