Nilimjengea baba gereji uani Chamazi, nikakataa kupika ubwabwa wa msingi

Wakuu, habari za majukumu.

Humu wengi mnanijua kwa kubishana na kudai ushahidi. Leo naleta la kwangu, na wa kuulizwa ni mimi. Sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mnaotafuta gharama za kujenga gereji au karakana pembeni ya nyumba, nimeziweka humu. Ila msiishie kwenye gharama. Mimi niliishia hapo.

Baba yangu ni fundi magari. Alistaafu kwenye kampuni moja ya mabasi, kwa mafao yake akanunua nyumba huku Chamazi, na alikuwa na kijiwe chake kando ya barabara. Mwaka jana wakaambiwa wote waondoke, ni hifadhi ya barabara. Akarudi nyumbani na sanduku lake la spana, akalisukuma chini ya kitanda.

Ndani ya miezi miwili mzee alibadilika. Anashinda barazani, gari likipita anataja ugonjwa wake kwa mlio. "Hiyo bearing ya mbele kulia." Hakuna anayemjibu.

Mama akaniita jikoni akasema, "Baba yako anazeeka kwa wiki, siyo kwa mwaka."

Uani nyuma ya nyumba kulikuwa na nafasi wazi. Nikaamua kumjengea gereji hapo, imejitenga na nyumba, mita nne kwa saba, geti pana, bati juu. Bajeti milioni tano.

Nina digrii ya takwimu, na ugonjwa wangu mkubwa ni kutomwamini mtu yeyote anayenitajia bei. Nilizunguka maduka ya vifaa kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Mbande na daftari mkononi. Tofali za inchi sita kama mia saba, kwa 1,400 kila moja. Saruji mifuko arobaini na tano, nikapata kwa 16,000. Mchanga, kokoto na kifusi vikala karibu laki tisa. Mabati na mbao zikapita milioni. Geti laki tisa, na hapo fundi geti alianza na milioni moja na nusu. Ongeza nondo, misumari, na ufundi milioni moja na laki tatu.

Jumla ilifika milioni sita na laki nne. Bajeti ya mtu yeyote Dar ongeza robo, usinibishie.

Fundi wangu anaitwa Shabani, mtu wa Mbagala, mkimya, anapima kwa macho kwanza halafu ndiyo anatoa futi kamba. Siku ya kwanza saiti akaniuliza, "Braza, dua lini?"

Nikamuuliza dua gani.

Akasema kwa kawaida yao kabla ya kuchimba msingi wanapika ubwabwa, wanaita majirani, watu wanasoma dua, wanakula, kazi inaanza. Kama laki na nusu hivi, na mchele mama anaweza kuwa nao.

Nikamwambia, "Fundi, hiyo dua inaongeza kiasi gani kwenye nguvu ya nondo?"

Vibarua wakacheka. Shabani naye akatabasamu. "Haiongezi kitu kwenye nondo. Lakini sie hatuchimbagi bila watu kuja."

Nikamwambia achimbe.

Msingi wa nyuma, upande wa kulia, udongo ukatoka mweusi na laini, tofauti na mchanga mwekundu wa sehemu nyingine. Shabani akasimama akiuangalia muda mrefu. Akapendekeza tuusogeze ukuta, au tuende chini zaidi. Mimi nikaona mtu anayetafuta siku za ziada za kulipwa. Tukakubaliana kozi moja ya tofali, yaani safu moja, iongezwe kwenye kona hiyo, basi.

Tulipofika kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, akataka tuweke wavu wa nondo ndani yake. "Hapa patasimama gari, braza." Nikamwonyesha daftari. Tumeshapita bajeti kwa zaidi ya milioni. Jamvi likamwagwa bila nondo, inchi tatu.

Wakuu, nataka mwelewe kwamba hadi hapo nilijiona mtu makini sana. Nimeuliza maswali kila hatua. Hakuna aliyenipiga hata mfuko mmoja wa saruji.

Baba alihamia gerejini asubuhi ya kwanza na chai yake. Wiki ya pili akapata gari, Noah ya mwalimu mmoja wa jirani. Alianza kuimba tena nyimbo za kwaya, anakosea maneno yale yale anayokosea tangu nikiwa mdogo. Mama akawa anapeleka chakula huko huko.

Halafu vikaanza vitu vidogo.

Nikiosha sakafu, maji yote yanakimbilia upande wa nyuma kulia, na hayatuami. Yanakwenda, halafu hayapo. Nilichuchumaa nikaona ufa mwembamba kama unywele, umepinda kama robo ya duara.

Mvua ziliponyesha, harufu. Siyo ya oili. Baba akasema ni mtaro wa jirani.

Siku nyingine nati ilimponyoka baba ikaanguka mbele ya geti, ikalia ti. Baadaye ikaanguka nyingine kule nyuma, ikalia du. Nilizichukua zote mbili nikaziangusha tena, mara kumi huku, mara kumi kule. Ti. Du. Baba alikuwa ananiangalia. "Ndiyo mlichokuwa mnasomea chuo?"

Nilicheka, nikatoka nje.

Nikampigia Shabani. Sikumuuliza, nilimshtaki. Nikamwambia amepunguza saruji kwenye jamvi, mifuko kaiuza. Akaniuliza ni upande gani, nikamwambia nyuma kulia. Kisha akasema, "Nitakuja Jumapili nione. Mpaka nije, mwambie mzee asipandishe gari upande ule."

Mimi nikatafsiri kwamba anaficha wizi wake. Sikumwambia mzee kitu.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Baba yuko chini ya ile Noah, amelala kwenye boksi lililokunjuliwa. Gurudumu la mbele kulia amelitoa na kulilaza chini ya gari, kama afanyavyo siku zote. Gari limebebwa na jeki ya chupa. Gari liliingia kwa mbele, kwa hiyo jeki iko kule nyuma kulia. Mimi niko mlangoni na simu.

Hodi kwenye geti dogo. Ni Bi Zuhura, jirani wa nyuma. Kaka yake, sasa marehemu, ndiye aliyetuuzia nyumba. Miaka mitano tumesalimiana juu ya ukuta tu, hajawahi kuingia uani kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Fundi yupo? Bajaji ya mkwe wangu imegoma."

"Yupo chini ya gari."

Akasogea hadi mlangoni mwa gereji, akasimama. Hakuangalia gari. Aliangalia sakafu, akageuka kuangalia nyumba, kisha ukuta wake, kama mtu anayepima. Akashika fremu ya geti.

"Mlilijaza nini?"

"Kipi bibi?"

"Shimo. Shimo la choo cha kaka. Mie najua mmelijaza, ndo maana mkajenga." Akashusha sauti. "Si ndo hapo alipolala baba yako."

Niliangalia jeki.

Wakati baba anaanza kazi ilikuwa imesimama wima. Sasa imeinama kidogo kuelekea ukutani, na kitako chake kimezungukwa na nyufa, duara kamili, kubwa kama sinia.

"Baba, toka."

"Nakuja. Nimebakiza nati moja."

"Baba, toka sasa hivi."

"Wewe kila kitu una haraka nacho isipokuwa kuoa."

Sikuweza kupiga kelele. Niliogopa akishtuka ataigusa jeki. Sikuweza kuingia kwa miguu pia, maana sikujua sakafu itabeba uzito wangu hadi wapi. Nililala kifudifudi, nikajivuta kwa viwiko hadi nikazifikia ndala zake, nikamshika vifundo vya miguu, nikavuta. Boksi likateleza. Akaanza kunitukana kwa Kihehe, na mimi navuta. Nyuma yangu Bi Zuhura alikuwa anasema "taratibu, taratibu, taratibu", sauti ile ile, kama anambembeleza mtoto alale.

Kichwa kikatoka.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa biskuti. Jeki haikuanguka, ilikwenda chini moja kwa moja. Gari likashuka, likakaa juu ya lile gurudumu lililolazwa, na nusu ya gurudumu hilo ilikuwa juu ya sehemu ya sakafu iliyobaki nzima. Kama mzee asingeliweka pale, sijui. Pale ilipokuwa jeki pakabaki shimo jeusi na ile harufu.

Jeki ilichukua muda kufika chini. Tuliisikia wote watatu.

Baba alikaa ameegemea ukuta, akauliza spana yake namba kumi na saba iko wapi. Ilikuwa mkononi mwake. Nikamwangalia, nikahesabu wiki tatu ambazo amelala pale chini kila siku akiimba kwaya.

Shabani alikuja siku ile ile, hakusubiri Jumapili. Niliomba radhi nikiwa siwezi kumtazama. Hakunisema. Alivunja pembe ya jamvi akamulika kwa tochi. Choo cha zamani, kilichofunikwa zamani kwa slabu nyembamba na udongo juu, nondo zake zimeliwa na kutu. Akateremsha mti wa futi kumi na mbili. Haukugusa kitu.

"Nilijua pana udongo laini," akasema. "Nini kilichopo sikujua. Huku na mie mgeni kama wewe. Anayejua ni jirani, na jirani haji kwenye msingi ambao hajaitwa. Atasimama ukutani kwake aangalie, atasema wenyewe wanajua wanachofanya."

Nilimuuliza Bi Zuhura kwa nini hakusema wakati tunajenga. Alinishangaa. "Mlinialika?"

Kujaza mawe na kifusi, kuvunja na kumwaga jamvi jipya lenye nondo, milioni moja na laki nane. Ubwabwa ulikuwa laki na nusu.

Safari hii tulipika. Mama alipika sufuria mbili, akamwita shehe wa mtaa na katekista wa jumuiya yetu, wakaomba kwa zamu. Mimi bado sijui dua inafanya nini kwenye zege, sitawadanganya. Lakini niliona inachofanya kwa watu. Wamekula, wamekunywa soda, wazee wakaanza kutembea uani huku wanachokonoa meno, wanakumbushana. Hapa palikuwa na jiko la marehemu. Hapa mnazi. Choo hapo, ndiyo hicho.

Mzee mmoja akaelekeza kijiti chake kwenye nyumba yetu. "Na kile kisima kiko hapo, marehemu alikifunika akajenga chumba."

Bi Zuhura akakataa. Kisima kilikuwa nje ya ukuta, kwenye njia. Mzee akasema yeye ndiye aliyekuwa anachota maji. Bi Zuhura akasema yeye ndiye aliyezaliwa hapa. Wakabishana mpaka wali ukaisha, wakaagana wakicheka.

Chumba alichoelekeza yule mzee ni cha baba na mama.

Nilichojifunza: maswali yangu yote nilimuuliza mtu anayeniuzia kitu. Sikuwahi kumuuliza mtu ambaye hana cha kuniuzia. Kabla hujachimba, waite wanaoijua ardhi, uwalishe, uwaache wazunguke. Iite dua, iite mkutano, ni juu yako.

Baba alirudi kazini wiki iliyopita, kwenye jamvi jipya, ila haimbi. Kila asubuhi anagonga sakafu kwa nyundo kabla hajaingiza gari. Wazazi nimewahamishia chumbani kwangu, nimewaambia nataka kupaka rangi kule kwao. Chumba kiko tupu. Nimeangusha nati kwenye kila kigae. Vyote vimelia ti, isipokuwa kimoja karibu na dirisha, hicho sina uhakika, nimerudia hadi masikio yananidanganya.

Wakuu, kuna mwenye uzoefu wa kupima kama chini ya nyumba iliyokwisha kukaliwa pana uwazi, bila kuvunja sakafu yote? Mafundi, wahandisi, hata aliyesikia tu kwa jirani yake. Nasoma kila jibu, na safari hii sitabishana.